Kimempata Nini, Kamfanya Nani: Yesu Mponyaji katika Pwani ya Bagamoyo

Anayetaka kuzungumza habari za uponyaji wa Kikristo Bagamoyo hana budi kuanzia makaburini. Katika viwanja vya Misheni kuna safu za misalaba midogo ya wamisionari wa mwanzo, na wengi waliolala pale walikufa wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Homa iliwamaliza, wengine kabla hata Kiswahili hakijawakaa mdomoni. Walivuka bahari kuja kutangaza kwamba Yesu ana uwezo juu ya maradhi na juu ya kila nguvu mbaya, na maradhi ya pwani yakawazika.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua Misheni hiyo tarehe 4 Machi 1868 wakitokea Unguja. Hawakupewa nafasi ya kutulia. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipita pwani kikiua watu kwa maelfu, na Aprili 1872 kimbunga kikaja kuangusha walichokuwa wamekijenga. Wakajenga tena. Mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani walijenga pale Misheni pango la Bikira Maria wa Lourdes, ikiwa imepita miaka 18 tu tangu habari za Lourdes na chemchemi yake ya uponyaji zianze kusikika Ufaransa. Bagamoyo, bandari ya pembe za ndovu na misafara ya bara, ikawa na kona yake ya kuombea wagonjwa mapema kuliko miji mingi ya Ulaya.

Waliolijenga pango lile hawakuhitaji kufundishwa uovu ni kitu gani. Uovu waliujua kwa bei. Baadhi yao walinunuliwa na wamisionari wenyewe katika soko la Unguja ili waachwe huru, kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873. Katika kijiji cha Kikristo walipewa nyumba, shamba, shule na ndoa, pamoja na kengele ya kuwaamsha na amri za kuwaongoza mchana kutwa. Mtu wa leo ana haki ya kuuliza ni uhuru gani huo unaopangiwa saa. Lakini mtoto aliyetembea kutoka bara akiwa amefungwa shingoni, kisha akaambiwa kwamba yuko mmoja mwenye nguvu kuliko yule aliyemfunga, hakuhitaji mwanatheolojia wa Paris amfafanulie maana yake.

Karibu na hapo upo mbuyu wenye mnyororo. Simulizi ya Misheni inamtaja Madame Chevalier, mwanamke wa Kifaransa aliyewahi kuendesha zahanati Unguja kisha akaja kujitolea Bagamoyo, na ambaye alifunga mnyororo ule kwenye shina ili amfungie punda wake. Mbuyu umenenepa, gome limeumeza mnyororo, na kilichobaki nje ni kipande kidogo tu ambacho wageni hukipiga picha. Watalii wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Ni wa punda wa mwanamke aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa, na kwa somo la mhadhara huu una uzito zaidi namna hiyo, kwa sababu unaonyesha kwamba tangu zamani sala na zahanati zilikaa uwanja mmoja.

Wala huduma ya wagonjwa haikuwa ya Wakristo peke yao. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kiismaili aliyefanya biashara zake Bagamoyo, alitoa mali kwa ajili ya shule na hospitali, na hospitali iliyopewa jina lake Dar es Salaam mwaka 1897 ndiyo mzazi wa Muhimbili ya leo. Muhimbili bado lipo jengo linaloitwa Sewa Haji. Wengi wanaolazwa humo hawajui lilikotoka jina.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mtu akiugua pwani hii, watu wa nyumbani huuliza maswali mawili. La kwanza: kimempata nini? La pili, ambalo mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya wageni kuondoka: kamfanya nani?

Misheni ilijitahidi kujibu la kwanza. Ilikuwa na kwinini, ilikuwa na bandeji, ilikuwa na masista wa kukesha na wagonjwa. Hata hivyo jibu lenyewe lilikuwa nusu, maana mapadre wale walikufa wakiilaumu hewa mbaya ya mabwawa. Ronald Ross hakuonyesha kwamba vimelea vya malaria hukaa ndani ya mbu mpaka mwaka 1897. Swali la pili waliliita ushirikina na kulifungia mlango. Lilitoka kwa mlango wa nyuma, likaenda kwa mganga.

Kwa mganga lilipokelewa vizuri. Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu chake mwaka 1970, alionyesha jinsi ugonjwa wa mwanamke unavyofungamana na ukoo wake, ndoa yake na mizimu ya wakubwa waliotangulia. Mumewe Lloyd Swantz, mchungaji wa Kilutheri, alichunguza waganga wa Dar es Salaam na kuwakuta Wakristo na Waislamu kwenye mkeka mmoja wakisubiri zamu. Anayeshangaa hajaishi pwani.

Kupunga kunajulikana. Ubani unafukizwa, ngoma inapigwa, mgonjwa anatikisika mabega mpaka pepo anapanda kichwani. Mganga anamsalimu mgeni huyo kwa adabu na kumuuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo, kwa kinywa cha mgonjwa ambaye sasa ni kiti chake, anadai nguo, marashi, sinia la vyakula, ngoma ya siku kadhaa. Watu wa nyumbani wanapunguziana bei naye. Wakikubaliana, mgonjwa anapata nafuu na pepo anabaki, ila kwa masharti. Ni mkataba. Baina ya kiti na pepo wake hujengeka mazoea, na mazoea hayo hugharimu kila mwaka.

Kwa miaka karibu mia moja makanisa ya pwani hayakuwa na jibu la hadharani kwa mambo hayo. Muumini alibatizwa mchana na kupungwa usiku, na padre akijua alinyamaza au alimfungia komunyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo ukimya ulipovunjwa na mtu ambaye hakuwa hata kasisi. Edmund John alikuwa mlei wa Kianglikana, ndugu yake John Sepeku, Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana Tanzania. Kuanzia mwaka 1972 alizunguka sehemu nyingi za nchi akihubiri toba, akiwawekea wagonjwa mikono na kukemea mapepo kwa jina la Yesu. Watu walileta hirizi na vifaa vya uganga vikachomwa mbele ya macho yao. Alifunga na kuomba mno, na mwaka 1975 akafariki. Joseph Namata akaandika maisha yake. Kwa waliomfuata, Edmund John alifanya jambo ambalo Misheni haikulifanya kwa karne: aliwaambia kwamba wanachokiogopa kipo, na kwamba kina bwana wake.

Upande wa Wakatoliki alikuwepo Padre Felician Nkwera wa Njombe, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alianza huduma ya uponyaji mwaka 1969 baada ya kuitwa na Bikira Maria. Alitumia sala, rozari na maji ya baraka, na kituo chake cha Ubungo, Dar es Salaam, kikajaa. Mgogoro wake na maaskofu ulikomaa katika miaka ya 1990 hadi wafuasi wake kutengwa. Wasomi wameandika vitabu juu ya ugomvi huo, lakini kwa msikilizaji wa kawaida jambo ni jepesi kulielewa: watu walienda Ubungo kwa sababu parokiani kwao hakuna aliyekuwa tayari kusikia habari za majini.

Leo hali imegeuka. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, kupitia Mwenge, Tegeta, Boko na Bunju mpaka Mapinga na Kerege, hukutana na mabango ya huduma za maombezi, na Kawe kwenye viwanja vya Tanganyika Packers hukusanyika maelfu. Mahali pengi kwenye mikusanyiko kama hii, tendo linalovuta macho kuliko yote huwa namna moja. Mama analetwa mbele, kanga imemfunguka, wahudumu wawili wamemshika mikono. Kipaza sauti kinasogezwa mdomoni. Mhubiri anauliza: wewe ni nani? Sauti nzito inajibu kwamba ni jini kutoka baharini. Nani kakutuma? Kimya. Nani kakutuma, sema kwa moto! Na sauti inasema: shangazi yake.

Umati unapiga kelele za ushindi. Shangazi hayupo. Yuko nyumbani, labda Zinga, labda Kaole, anachambua mchele, na hajui kwamba mbele ya spika kubwa ameshahukumiwa.

Hapa ndipo Injili inapaswa kufunguliwa, maana wahubiri wenyewe ndio wanaoitaja. Katika sura ya tano ya Marko, Yesu anakutana na mtu wa Gerasa aliyekaa makaburini, akivunja minyororo na kujikata kwa mawe. Yesu anamuuliza pepo jina lake. Anajibiwa Legioni, kwa kuwa wako wengi. Swali la pili, lile la nani kakutuma, Yesu haulizi. Haulizi pale, wala haulizi mahali pengine popote katika Injili nne. Mama mkwe wa Petro ana homa. Anamshika mkono, homa inamwacha, na hakuna jirani anayetafutwa. Kwa kipofu wa kuzaliwa wanafunzi wanadai jina la mkosaji, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Ni jambo la kushangaza kwa mponyaji wa zama zile, na lingeshangaza hata Bagamoyo: mtu anayefukuza pepo bila kumtia mtu hatiani.

Yule wa Gerasa alipopona alitaka kufuatana na Yesu. Alikataliwa, akaambiwa arudi kwa watu wake. Uponyaji ulimrudisha katika ukoo. Uponyaji unaomtaja shangazi unamtoa mtu katika ukoo, na ikiwa anayetajwa ni bibi kizee mwenye macho mekundu wa vijiji vya Kanda ya Ziwa, unaweza kumtoa roho. Watanzania wamekwisha kuona vikongwe wakikatwa mapanga kwa tuhuma hizo. Sheria ya Uchawi iliyoanzia mwaka 1928 inakataza kumtuhumu mtu uchawi, lakini polisi hawaingii na daftari ibadani.

Kuna kosa lingine la ujirani. Majini yanayokemewa kwenye mikutano hii mara nyingi hutoka na majina ya Kiislamu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu, mji wa Sheikh Ramiya aliyeingia pwani akiwa mtumwa kutoka bara na kufariki mwaka 1931 akiwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya. Wapo Waislamu wa hapa wanaokwenda kuombewa kanisani, kama wapo Wakristo wanaokunywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, kwa mwalimu wa chuo. Kuligeuza jina la jirani kuwa jina la shetani ni ukosefu wa adabu, na hakuna andiko linalodai hivyo.

Suala la fedha halihitaji maneno mengi. Mathayo anasema Yesu aliwatuma wanafunzi kuponya na kutoa pepo bure kama walivyopewa bure. Katika Matendo, Simoni mchawi anataka kununua uwezo huo, anakemewa yeye na fedha zake. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu kabla hajagusa vazi la Yesu. Kama angefika akakuta vazi lina bei, angerudi nyumbani.

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa Boniface Mwamposa. Walikuwa wametoka kutafuta afya. Miaka tisa kabla, mwaka 2011, taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, Babu wa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, na vyombo vya habari vikaripoti vifo vya watu zaidi ya 50 waliokuwa wakisubiri zamu. Babu hakutajirika kwa mia tano zile kama wengine wanavyotajirika, na watu wengi walimpenda kwa upole wake. Lakini wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao na kupakiwa kwenye malori ya wazi kwenda Samunge hawakusaidiwa na upole huo. Wengine waliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona.

Kuacha dawa hakujaandikwa popote katika Injili. Yule mkoma wa Marko sura ya kwanza, baada ya kutakaswa, aliamriwa aende akajionyeshe kwa kuhani, aliyekuwa na mamlaka kwa sheria ya Musa kumkagua ngozi na kuthibitisha. Yesu mwenyewe alimtuma mgonjwa wake akapimwe. Kanisa Katoliki linafuata mkondo huo kule Lourdes: tangu mwaka 1883 ipo ofisi ya madaktari inayochunguza madai, na kati ya madai zaidi ya 7,000, yaliyokubaliwa na Kanisa kuwa miujiza yalikuwa yamefika 70 tu mwaka 2018. Pango la Bagamoyo limejengwa kwa heshima ya Lourdes, na kwa hiyo limerithi pia ukali huo wa kupima. Ushuhuda wa dakika mbili kwenye kipaza sauti, usio na cheti wala jina la hospitali, haufikii hata nusu ya kiwango hicho.

Na Paulo? Alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka msafiri mwenzake alikuwa tabibu. Waliowahi kuona miujiza hawakuona haya kumtegemea mganga wa mwili.

Wakati wa korona taifa lilipewa darasa kuhusu jambo hili. Aprili 2020 Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi, na Juni akasema Mungu ameiondoa korona Tanzania. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki likawaandikia waumini kuwa ugonjwa upo na wajikinge, na Machi mwaka huo Katibu wake, Padre Charles Kitima, akasema kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 walikuwa wamekufa, pamoja na masista wengi. Maaskofu hawakuacha kuomba. Walihesabu maiti na kusema hadharani, na katika mazingira ya wakati ule huo ulikuwa ushuhuda wa imani kuliko mingi iliyorushwa hewani.

Tukirudi Bagamoyo, mji uliozika wamisionari kwa malaria ulikuja kuwa mahali pa kupigana nayo. Mei 2009, kwenye kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo, yalianza majaribio ya hatua ya tatu ya chanjo ya RTS,S. Watoto 15,460 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika walishiriki, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo kwa upande wa Tanzania. Chanjo ilipunguza malaria kwa zaidi kidogo ya theluthi moja kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Theluthi si ushindi kamili. Lakini akina mama waliopanga foleni na watoto mgongoni, Wakristo na Waislamu, walifanya kwa ajili ya watoto wa Afrika nzima jambo ambalo Mkristo anaweza kuliita kazi ya Mungu bila kuona haya.

Hoja ya mhadhara huu haiwaambii waombaji wafunge milango. Mtu anayeamini kwamba Yesu ana uwezo juu ya jini anaweza kulala usingizi bila kulipa sinia na marashi kila mwaka, na hiyo ni afya. Mama aliyekaa miaka na hofu ya kurogwa, akaombewa na wenzake wakamshika mkono na kumtembelea nyumbani, amepokea kitu ambacho zahanati haina. Kosa linaanza pale maombi yanapochukua swali la mganga, kamfanya nani, na kulijibu kwa jina la mtu.

Makanisa ya barabara ya Bagamoyo, makubwa kwa madogo, yana madaktari, wauguzi na wahudumu wa kliniki miongoni mwa waumini wao. Wapewe kipaza sauti hicho hicho, Jumapili moja kila mwezi. Waseme kwamba dawa za kufubaza haziachwi kwa ushuhuda, kwamba aliyeombewa arudi kupima na majibu yake yaheshimiwe, kwamba mtoto mwenye homa aanzie hospitali na maombi yafuatane naye huko huko wodini. Na wachungaji nao watangaze, kwa sauti ile ile wanayokemea nayo, kwamba madhabahuni kwao jina la shangazi wa mtu halitatajwa tena.